Kimya cha Safu ya Tatu

Kila asubuhi, kabla hata ya kugusa kahawa, Ilka Ladoméri alikuwa akimeza yai bichi lililokorogwa na sukari, anafungua dirisha la uani, kisha anaanza kupandisha sauti. Chini uani, wanawake waliokuwa wakikung'uta mazulia waliacha fimbo zao hewani. Kwenye baraza za ghorofa zote nne watu walitoka na vikombe vyao, wakaegemea reli za chuma kana kwamba wamelipia viti. Hakuna aliyewaamuru kunyamaza. Ilikuwa desturi ya jengo, kama kufunga lango usiku.

Ilka alipanda taratibu, akashuka, akapanda tena. Na alipomaliza, hakukosa mtu wa kupaza sauti kutoka ghorofa ya pili: "Ilikuwaje!"

Ndiyo kelele wanayopiga watu wa mji huu wa Pest ukumbini wimbo ukiwakuna, wakitaka uimbwe tena tangu mwanzo. Ua mzima ulicheka, Ilka aliwapungia mkono, na mazulia yaliendelea kupata kipigo chao.

Asubuhi hiyo alipanda vizuri mpaka hatua moja kabla ya mwisho. Ilibaki ile ya kileleni, noti iliyompa jina, iliyomtoa kwenye mikokoteni ya waigizaji wa kuzunguka vijijini na kumweka kwenye mabango ya mji mkuu. Tangu Krismasi noti hiyo ilikuwa imeanza kumjia kama mgeni asiyetaka kuja: ilifika, lakini kwa kuchelewa, tena imekonda. Hakumwambia mtu. Hata Bori, aliyemvisha nguo za jukwaani tangu ujana wake na kumpikia kahawa, hakuambiwa.

Alivuta pumzi, akaifuata.

Kengele ya mlango ikalia.

Noti ilikatika katikati, kama uzi. Ua ulinyamaza. Hakuna aliyesema "Ilikuwaje". Mwanamke mmoja chini alikohoa, kisha zulia likapigwa mara moja, kwa aibu.

Bori aliingia akijifuta mikono kwenye aproni, uso umemshuka.

"Kuna mama mlangoni, roho yangu. Nyeusi tupu, kuanzia kofia mpaka kiatu. Nimemwambia Bi Msanii hapokei wageni kabla ya saa sita."

"Naye?"

"Kasema yeye si mgeni. Kasema yeye ni mama yake Gedeon."

Ilka alishika kola ya gauni lake la kulalia, akaibana kooni.

Gedeon Tarpay alikuwa mtengeneza sabuni wa mji wa mbali, Debrecen. Kwa miaka miwili alikuwa akija na treni kila Jumamosi, anakaa safu ya tatu, kiti cha pembeni. Wanaume wengine walituma vikapu vya waridi vyenye tepe ndefu za dhahabu. Yeye alituma kipande cha sabuni ya lavenda kilichofungwa kwenye karatasi nyeupe, bila neno. Nyuma ya jukwaa walicheka mpaka wakakaa chini. "Ilka, huyu bwana anakuona mchafu!" Ilka naye alicheka. Kisha usiku mmoja alipanguza rangi usoni kwa sabuni ile, akajikuta amekaa mbele ya kioo muda mrefu, anaitazama sura yake tupu, na kwa mara ya kwanza haimkeri.

Baadaye wakaanza kutembea pamoja Jumapili, kandokando ya Danubi. Ilka akizungumza, Gedeon akisikiliza. Jambo moja tu lilimchoma Ilka. Ukumbi mzima uliposimama na kupiga kelele "Ilikuwaje! Ilikuwaje!", mtu wa safu ya tatu alibaki ameketi, mikono magotini.

"Wimbo hukuupenda?" alimuuliza siku moja.

"Niliupenda."

"Mbona hukupiga kelele kama wenzako?"

"Kwetu Debrecen hatupigi kelele."

"Hata nyumba ikiungua?"

"Ikiungua tunabeba maji."

Alicheka, lakini moyoni ulibaki mwiba. Alijiambia: anaona haya. Anapenda kumsikia mwigizaji, ila hataki kuonekana akimpenda.

Halafu, siku za baridi zilipoanza kulegea, Gedeon alisimama ghafla chini ya miti mitupu ya kisiwa cha mtoni, akavua kofia, akasema, "Ungependa kuiona Debrecen?" Kwa mtu kama yule, hiyo ilikuwa posa. Ilka akajibu kwamba angependa. Gedeon akarudi kwao kuzungumza na mama yake. Na Jumamosi iliyofuata, kiti cha pembeni cha safu ya tatu kilikuwa kitupu.

"Mkaribishe," Ilka alimwambia Bori. "Na ulete kahawa."

"Hubadili nguo kwanza?"

"Ameshanisikia nikikatika sauti. Gauni si kitu tena."

Mama Tarpay alikuwa mrefu, mwembamba, na glavu zake zilikuwa zimefungwa vifungo vyote. Hakuketi. Alizitazama kuta: mashada ya majani makavu, tepe zenye majina ya miji, picha za Ilka akiwa malkia, akiwa muuza maua, akiwa askari mwenye masharubu.

"Naubusu mkono wako, mama," Ilka alisema, kama inavyompasa mdogo.

"Hujavaa bado."

"Nilikuwa kazini, mama."

"Na gauni la kulalia?"

"Mwokaji naye hufanya kazi na aproni."

Mdomo wa mama yule ulicheza kidogo, kisha ukarudi mahali pake. Akaketi kwenye ncha ya kiti, kama mtu wa kanisani.

"Nitasema kwa ufupi, treni yangu ni ya mchana. Mwanangu anataka kukuoa. Najua, hata kama hajaniambia neno lenyewe. Mimi ndiye niliyemzaa. Nakijua kimya chake cha njaa, nakijua na cha hasira. Hiki cha sasa ni kingine."

Bori aliweka kahawa na sahani ya vimkate vya mafuta, akatoka, lakini mlango hakuufunga mpaka mwisho.

"Tumekaa," Mama Tarpay aliendelea, "mimi, wajomba zake, na mchungaji wetu. Hatukupenda. Sitakudanganya, binti. Kwetu mwigizaji ni mtu wa kupita. Unamtazama, unapiga makofi, unahesabu vijiko akishaondoka. Lakini mwanangu ana umri wa mtu mzima, na nyumba ni kubwa, na mimi nazeeka. Tumekubali."

Ilka alianza kutabasamu.

"Kwa sharti," mama akasema.

"Nasikiliza."

"Utaacha jukwaa. Kabla ya ndoa, si baada yake. Mtafunga ndoa kimyakimya, kijijini kwa shemeji yangu, magazeti yasijue. Na zile picha zako wanazouza kwenye maduka ya tumbaku zitolewe. Mke wa Tarpay hauzwi kwa wavuta sigara pamoja na viberiti."

"Na Gedeon amesemaje?"

"Hakupinga."

"Hakupinga, au alikubali?"

"Kwetu ni mamoja."

Ilka alishika kikombe kwa mikono miwili apate joto lake. Uani mazulia yalikuwa yakipigwa polepole mno. Watu walikuwa wanatega masikio. Alijiona yuko Debrecen, jikoni kwenye dirisha pana, harufu ya lavenda imejaa nyumba, hakuna kengele ya kumwita jukwaani, hakuna yai bichi. Hakuna anayengoja noti ya kileleni. Angeondoka watu wakiwa bado wanamlilia. Wangeandika: ameacha yote kwa ajili ya mapenzi. Hakuna ambaye angejua. Ulikuwa uongo mtamu, na ulikuwa umeletewa mezani pamoja na kahawa.

"Mama," aliuliza taratibu, "umewahi kunisikia nikiimba? Siyo leo. Leo haihesabiki."

Mama Tarpay aliitazama glavu ya mkono wake wa kulia. Akaanza kuifungua vifungo, kimoja kimoja.

"Ulikuwa msichana. Mlikuja kwetu na mikokoteni yenu, mkaimba kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, sokoni. Mume wangu alikuwa hai. Uliimba wimbo wa msichana anayemngoja mchumba avuke mto, na barafu inakatika."

"Naukumbuka."

"Vijana wa chuo wakapiga kelele. Ilikuwaje, Ilikuwaje! Ukarudia. Wakapiga tena, ukarudia tena." Aliivua glavu, akaiweka gotini. "Mimi nilikuwa nimeiuma glavu yangu. Nilipofika nyumbani nikaona nimeitoboa. Nilitaka urudie tena."

"Kwa nini hukuitisha?"

"Mume wangu alikuwa ameketi kando yangu."

Mlango wa jikoni ulilia kidogo. Bori alikuwa ameuegemea.

"Sikuambii hivi kukusifu," mama yule alisema, na sauti yake ikawa kavu tena. "Nakuambia ujue ninachokiogopa. Kama uliweza kumfanya mwanamke kama mimi aume glavu mbele ya mumewe, utamfanya nini mwanangu? Akishazoea, nyumba ile itamtosha? Kazi itamtosha? Mimi nitamtosha?"

Ilka alikuwa amejiandaa kwa dharau. Dharau alikuwa ameizoea. Aliijibu kila mwaka kwa mzaha mpya. Hofu hii hakuitarajia. Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi.

"Mama, kama ningekuwa mjanja, ningekubali sasa hivi. Na wewe ungefikiri nimejitoa mhanga."

"Sikuelewi."

"Umesikia noti ilivyokatika. Si kengele iliyoikata. Imeanza kuniacha. Sijui imebaki misimu mingapi. Nikiacha jukwaa leo kwa ajili ya mwanao, watu watanililia, na hakuna atakayejua kwamba nilikimbia. Ila mimi nitajua. Kila nitakapomwona mezani anakata mkate, nitakumbuka nilijificha nyuma yake." Aliibana tena kola ya gauni lake. "Sitaki kujificha nyuma ya mtu ninayempenda."

"Kwa hiyo hapana."

"Kwa sharti lako, hapana. Kwa mwanao, bado. Yeye hajaniuliza. Wewe ndiye uliyeniuliza."

Mama Tarpay alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayechunguza kitambaa akitafuta kasoro.

"Nilitarajia nitakutana na mwigizaji," alisema.

"Asubuhi huwa silipwi, mama."

Safari hii mdomo ule ulicheza kweli. Lakini mama aliinuka, akaokota mkoba wake, akaelekea mlangoni, glavu moja ameivaa, nyingine ameishika kiganjani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na Ilka aliuona mshindo huo ukienda kuangukia kichwa chake: angerudi Debrecen, angemwambia Gedeon, "Amekataa," naye Gedeon angenyamaza, na huo ungekuwa mwisho wao. Wawili wanaopendana wangetenganishwa na watu wasiosema.

Alimsindikiza mpaka barazani. Hapo ndipo waliposikia makelele chini, langoni.

"Huwezi kupita, bwana!" Alikuwa Mzee Pápai, bawabu wa jengo, na ufagio wake. "Saa hizi Bi Msanii anaimba!"

"Mbona haimbi?"

"Basi ndiyo kabisa usipite! Kuna jambo!"

"Nipishe, mzee wangu. Tafadhali."

"Wewe ni nani kwake?"

Hapo pakawa na kimya. Ilka alikijua kimya kile kabla hajamwona mwenyewe. Alishika reli.

Gedeon alitokeza uani, koti limefungwa vifungo vibaya, hana tai, nywele zimesimama kama za mtu aliyelala amekaa kwenye treni ya alfajiri. Alisimama kando ya chuma cha kutundikia mazulia. Alitazama juu. Ghorofa nne za watu na vikombe zilimtazama yeye. Ghorofa ya tatu alikuwepo mama yake kwa nguo nyeusi, na pembeni yake Ilka, kwa gauni la kulalia.

"Gedeon," mama yake alisema, "panda huku juu. Usitufanyie maonyesho."

Gedeon aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Kisha akauondoa.

Lilikuwa jambo dogo, lakini Ilka aliliona. Akipanda, wataingia chumbani, mlango utafungwa, mama atasema, na yeye atanyamaza. Gedeon naye alikuwa amelijua hilo.

"Nitasemea hapahapa, mama."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu." Sauti yake ilikuwa ndogo. Ilibidi wanawake wa mazulia wainamishe vichwa. "Mezani siku ile sikukubali. Nilinyamaza, mkadhani nimekubali. Nilikuwa natafuta maneno. Nimeyatafuta wiki nzima. Jana nikaambiwa umekuja Pest, nikajua nimechelewa."

"Anasemaje?" mtu alinong'ona ghorofa ya nne.

"Sijamsikia. Anauza kitu, nadhani."

"Nyamazeni!" Bori alifoka kutoka nyuma ya Ilka.

Gedeon alivua kofia ambayo hakuwa ameivaa. Mkono wake ulifika kichwani, ukakuta nywele, ukashuka. Mtu mmoja alicheka, akazibwa mdomo. Na kwa sauti ileile ndogo, macho yake yakiwa juu ghorofa ya tatu, akasema:

"Ilka, nataka nikuoe. Na jukwaa lako."

Ilka alikuwa ameambiwa maneno ya mapenzi kila jioni ya maisha yake, na wanaume waliopakwa poda, huku vinanda vikimsaidia kujibu. Alikuwa na majibu mia moja kichwani, yote yameandikwa na watu wengine. Alipofungua kinywa hakuna hata moja lililotoka. Aligeuka kumtazama mama yake Gedeon.

Mama Tarpay alikuwa ameinua glavu mpaka kinywani. Meno yake yalikuwa tayari yameishika ngozi ile nyeusi, palepale kwenye kidole cha shahada. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, hayamtazami Ilka, yanamtazama kijana wake aliyesimama kando ya mazulia ya watu, hana kofia, hana tai, amesema.

Kisha akaishusha glavu. Akainua kidevu. Akaipiga reli ya chuma kwa kiganja kitupu.

"Ilikuwaje!" alipaza sauti.

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ya mtu ambaye hakuwa amepiga kelele tangu utotoni. Lakini hakuuliza kama mzazi mwenye hasira. Aliitisha kama wale vijana wa chuo, kama watu wa viti vya juu kabisa, kama mtu anayetaka yote tena tangu mwanzo.

Ua ukalipuka. "Ilikuwaje! Ilikuwaje!" Fimbo za mazulia zikapiga chuma, vikombe vikagonga reli, Mzee Pápai akagonga mawe ya uani kwa mpini wa ufagio. Uso wa Gedeon uliwaka mpaka masikioni. Alimtazama mama yake kana kwamba hajawahi kumwona. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetua mzigo.

Ilka alikuwa tayari yuko kwenye ngazi. Alishuka bila viatu, gauni limekusanywa mkononi, na kila ghorofa aliyoipita ilimpisha.

Wote wa jukwaani wanajua: wimbo ukiitishwa tena, haurudiwi vilevile. Huongezwa ubeti.

"Nataka nikuoe, Ilka Ladoméri!" Gedeon alipiga kelele, na njiwa wakaruka kutoka paani. "Uimbe au usiimbe! Picha zako zibaki madukani, nitazinunua mwenyewe! Na ile noti ya juu, usidhani sijui. Naisikia inavyokonda tangu Krismasi, wala sikuwa napanda treni kwa ajili yake!"

Ilka alisimama kwenye ngazi ya mwisho. Sasa walikuwa karibu kiasi cha kugusana, na hapakuwa na haja tena ya kupaza sauti. Gedeon hakuishusha.

"Uliniuliza mbona sipigi kelele na wenzangu. Nikakujibu mambo ya Debrecen. Haikuwa hivyo. Wao walitaka urudie, na mimi nilikuwa nakuona umechoka. Nilitaka wakuache ukapumzike. Hilo ndilo nililotaka kukuambia tangu siku ya kwanza, nikakuletea sabuni. Nakupenda."